Mashine Inayosalimia Kwanza

Jumatatu, 8 Septemba

Umeme umekatika mara tatu leo, na kompyuta zetu sita ndogo za Linux zimewaka tena zenyewe. Kazi ya Anatole, mwalimu mwenzangu. Kila muntu anamusifu. Mimi Ignace, niliyeanzisha klabu hii ya kujifunza programu hapa Kalemie, hata asante sikupata! Jumamosi wanafunzi watachagua mwalimu mumoja wa kudumu. Roho inaniuma.

Lakini nimegundua kasoro. Kompyuta za Anatole ni imara, ila hazina adabu. Mama wa miaka hamsini anawasha, hakuna hata jambo! Je, zikisalimia kwanza?

Jumanne, 9 Septemba

Nimeandika programu ya mistari arobaini. Ukiwasha, inauliza umeamkaje, nyumbani je, watoto je. Jibu "muzuri" kila mara, inafunguka. Wanafunzi walifurahi sana. Anatole aliuliza kama nimejaribu majibu mengine. Nikamwambia kwetu hakuna jibu lingine. Wivu huo!

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa! Mwanafunzi wetu Mama Mwanvua, muuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, amekwama kwenye salamu saa nzima. Alipoulizwa nyumbani je, aliandika kwamba mume wake ana malaria. Ikauliza tena. Akaeleza na homa. Ikauliza tena! Nilimuomba aandike "muzuri" tu, njo desturi yetu. Alikataa katakata. Alisema njiani anajibu muzuri kwa sababu watu wanapita. Hii imekaa mbele yake, imeuliza mara tatu, basi inataka kujua.

Nilimuonyesha namna ya kuruka salamu. Akaniuliza kama ninamufundisha ujeuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Mwanvua amefika mapema. Mume amepata nafuu. Amefungua programu yangu na kufuta mistari thelathini na tano! Sasa inauliza mara moja tu. Usipoandika "muzuri", inakupa pole na kufunguka.

Emilie, mwanafunzi mwingine, aliandika kwamba anaolewa. Ikamupa pole. Nikaruka juu: kosa! Wamama wote wakasema hapana, hapo imesema kweli.

Kura za mwalimu wa kudumu: Mama Mwanvua kumi na moja, Anatole mbili, mimi moja. Hiyo moja nilijipigia mwenyewe. Nilitaka kulia.

Jumapili, 14 Septemba

Nimewaza misa nzima. Salamu haikuwa tatizo hata kidogo. Tatizo ni kuaga! Muntu anazima kompyuta ghafla na kuondoka kama mwizi. Nimeandika mistari sitini, nimeiweka kwenye zote sita. Haizimiki mpaka uage vizuri.

Jibu linalokubaliwa ni moja tu.