Cheti cha Kurejesha

Kinanda aliliona tangazo mlangoni pa ukumbi, akalisoma mara mbili, akameza mate. "Jumamosi: Siku ya Mafunzo ya Watunza Kanzidata. Bure. Njoo na kompyuta yako." Hiyo kanzidata hakuijua, hata angegongana nayo barabarani asingeisalimia. Lakini "njoo na kompyuta yako" aliielewa vizuri sana.

Akaulizia. Akaambiwa ni daftari kubwa ndani ya kompyuta, linalotunza majina na namba za watu, ili hospitali isije ikamwandika babu kuwa ana mimba. Na watunzaji wake hawaogopi nyoka wala moto, wanaogopa kupoteza walichoandika.

"Nimewapata," akasema Kinanda.

Haraka alikuwa nayo. Alikuwa akilala sebuleni kwa kaka yake, na Jumamosi asubuhi mke wa kaka alimsimamia na mwiko mkononi. "Shemeji, leo ukirudi mikono mitupu, ufunguo wangu utauacha hapa mezani."

Basi akavaa suti ya kaka, akapanga meza ukumbini karibu na stoo yenye mlango wa nyuma, nje teksi ikimsubiri. Akabandika karatasi: "Nakala ya Akiba, Bure."

"Ndugu zangu," akaimba, maana jina la Kinanda hakuliokota, "mkienda kula, mashine ziachieni hapa nizitolee nakala, msije mkapoteza mlichoandika. Mkirudi mmeshiba, nazo zimeshiba. Mimi mwenyewe natangulia!" Akaweka mkoba wake mezani. Ndani mlikuwa na simu tano za watu waliomwamini wiki ile, mali yake yote duniani.

Wasomi wale, miwani puani, wakasikia "bure" wakasahau shule. Wakapanga foleni, kila mtu akapewa kikaratasi cha namba, mikoba ya kompyuta ikaingia stoo.

Kinanda alikuwa ameshabeba miwili kuelekea mlango wa nyuma aliposikia sauti. Ni mwenyekiti wa watunzaji, mama mfupi, sahani mkononi, wenzake nyuma yake.

"Mwanangu, umeshawahi kurejesha?"

Kinanda akaitua mikoba. "Mimi? Mama, sijarejesha kitu cha mtu tangu nizaliwe!"

Ukumbi ukaguna. Kumbe kwa watu hawa kurejesha ni kuitoa nakala ulikoiweka na kuhakikisha bado ni nzima. Mtunza nakala asiyewahi kurejesha wanamwona kama dereva wa gari lisilo na breki.

"Hajawahi kurejesha!" mmoja akapiga yowe. "Na yangu imo humo!"

"Tulieni," mama akasema. "Si siku ya mafunzo? Atajifunza. Haya baba, namba moja!"

Kinanda akarejesha namba moja, mkoba kwa mwenyewe. Wakampigia makofi. Akarejesha namba mbili, makofi tena. Nje teksi ikachoka kungoja, ikaondoka. Ilipofika zamu ya namba ishirini, Mungu amsamehe, alikuwa anainama kupokea makofi.

Ukabaki mkoba mmoja.

"Huu hauna namba," mama akasema. "Kwetu kisicho na mwenyewe tunakiita yatima." Akaufungua. "Hee! Simu tano. Za nani?"

"Zangu, mama."

"Zote? Haya, fungua moja."

Kinanda akabonyeza, ikakataa. Akabonyeza tena, ikaanza kulia mkononi mwake. Mama akachungulia kioo: *Mume Wangu.*

"Mumeo huyo," akasema. "Pokea, usimweke roho juu."

Watu wakashika mbavu. Mama akaichukua simu. "Yatima hawa tutawatafutia wazazi wao. Kutafuta watu ndiyo kazi yetu. Wewe chukua cheti chako, kila aliyejifunza anapewa, na uondoke kabla sijaikumbuka namba ya polisi."

Akaenda kwa miguu. Shemeji alikuwa mlangoni, mwiko uleule.

"Umeleta nini?"

Kinanda akanyoosha cheti. Shemeji akakisoma polepole, kidole kikifuata maneno: "Amehitimu... Kurejesha."

Akatabasamu, akafungua kiganja.

"Haya, mhitimu. Ufunguo."