Mlango wa Datsun na Fundi Niliyemchagua Mwenyewe

Jumatatu, 8 Juni 1987
Nimepeleka Datsun kupakwa grisi kwenye stesheni ya petroli ya Bwana Mureithi, hapa Kisumu. Mfanyakazi wake ameishusha kutoka kwenye jeki kubwa bila kutazama chini. Chini kulikuwa na pipa la oili. Mlango wa mbele wa abiria umebonyea kama sufuria la shule.

Mureithi ameomba msamaha. Anasema fundi wake, Bildad, atautengeneza kufikia Alhamisi. Nimekataa. Aliyekuvunjia chungu hawezi tena kukuchagulia mfinyanzi. Isitoshe, nina mpango. Bampa ya nyuma niliigongesha mwenyewe kwenye ukuta wa choo chetu, siku ya Pasaka. Kwa nini pipa lisibebe lawama zote?

Mke wangu, Selpha, amenikumbusha kwamba Jumamosi gari hili ndilo la kumpeleka mdogo wake, Jentrix, kanisani Ahero kuolewa. Anasema nimwachie Bildad kazi. Mwanamke mzuri, lakini mipango haijui.

Jumanne, 9 Juni
Mureithi amekuja kuangalia gari. Ameuliza pipa liligongaje mlango wa mbele, kisha likafika nyuma. Nimemweleza kwamba pipa ni la duara, lilibingirika. Amelizunguka gari mara mbili.

“Bwana Zadock,” akasema, “peleka kwa fundi unayemtaka, nitamlipa. Lakini akishaligusa, Bildad hataligusa tena.”

Nimeshinda. Fundi wangu ni Dalmas wa Kisian, binamu wa Selpha. Selpha aliposikia jina hilo, aliketi.

Jumatano, 10 Juni
Kisian. Dalmas ameng'oa mlango. Ameng'oa bampa. Ameng'oa na kiti cha nyuma, ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Nimeuliza sababu.

“Shemeji, gari ni kama mtu. Lazima uangalie ndani.”

Nimeona huo ni utaalamu.

Alhamisi, 11 Juni
Dalmas hayupo. Ameenda matanga Bondo. Jirani yake anasema matanga ya huko hayana haraka. Kiti changu kiko nje, na kuku amekikalia. Nilipomfukuza, niliambiwa nimwache, anaatamia.

Ijumaa, 12 Juni
Nimekwenda kumsihi Bildad. Mtu mpole. Amenisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa kitambaa.

“Mzee, mgonjwa akishapasuliwa na daktari mwingine, mimi simshoni.”

Mureithi ameniagizia chai. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo limeniuma.

Jioni Dalmas amerudi. Mlango wangu ameushindwa, kwa hiyo amefunga mwingine, wa kijani. Gari langu ni jeupe. Unafungika vizuri sana. Haufunguki. Kiti cha nyuma hakijarudi. Boliti zake hazionekani. Nimemwambia Selpha kwamba rangi mbili ni fasheni ya Nairobi. Amekwenda kulala bila kula.

Jumamosi, 13 Juni
Mama mkwe aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi. Kwa kuwa nyuma hakuna pa kukaa, Jentrix alilazimika kukaa mbele. Aliingilia upande wa dereva, akavuka gia, na shela ikanasa hapo. Safari nzima nilikuwa nikibadilisha gia nikimvuta bibi harusi kichwa.

Mbele ya kanisa gauni lilikataa kuvuka gia tena, kwa hiyo kaka zake walimtoa dirishani kama gunia la mpunga. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba. Ikanyamaza. Bwana harusi alikuja kusaidia kushika miguu. Jentrix alilia, na sidhani ni furaha. Selpha amebaki Ahero kwa mama yake. Hakusema atarudi lini.

Jumapili, 14 Juni
Nimekwenda Ahero kumwomba Selpha msamaha. Amenisikiliza, na alikuwa karibu kukubali. Wakati huo watu waliokuwa wakishusha hema la harusi waliangusha nguzo juu ya boneti yangu.

Mwenye hema, Bwana Wabwire, amekuja mbio. Amenipa pole. Anasema ana fundi mzuri sana huko Mamboleo, na Jumatano gari litakuwa tayari. Selpha alinishika mkono, akasema taratibu, “Baba Aoko, sema ndiyo.”

Nimemweleza Bwana Wabwire kwa heshima kwamba fundi ninaye, yuko Kisian. Kisha nimemzungusha upande wa pili, nikamwonyesha ule mlango wa kijani. Nguzo yenu ni ndefu, nimemwambia. Ilifika mpaka huku.