Kosa la Kupangwa

Jumatatu, 6 Mei
Alhamisi mshauri wa hisabati atakaa nyuma ya darasa langu. Kutusaidia, anasema mwalimu mkuu. Kunisaidia mimi! Nimesoma vitabu vya kujaza kabati, nimebishana na wakaguzi hadi wakasahau kalamu zao, leo niletewe kijana wa kunionyesha namna ya kujumlisha sehemu! Ningegoma. Ila mkuu akaninong'oneza kwamba baada ya ziara atateua kiongozi wa somo. Kiti kimoja, walimu wawili: mimi, na Bi Karatasi wa chumba cha pili, ambaye hafundishi kitu bila kukunja karatasi. Sikugoma.

Jumanne, 7 Mei
Mshauri alikuwa kwa Bi Karatasi. Nilipita dirishani kwa bahati. Nikapita tena. Jibu sahihi halikumgusa. Mtoto mmoja akakosea, jamaa akang'aa! Eti kosa linaonyesha mtoto anavyofikiri. Upuuzi mtupu! Lakini mteja akitaka makosa, dukani kwangu yapo.
Nimemteua Wakili, binti wa dawati la mbele anayebishana hata na kengele. Kosa nimempa safi kabisa: nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Juu kwa juu, chini kwa chini. Nami nitamsahihisha kwa upole wa kutoa machozi. Akanuna. Akasema, mwalimu, watanicheka. Nikamwambia anafanya hivyo kwa heshima ya darasa.

Jumatano, 8 Mei
Mama watoto kanikuta kwenye kioo nikijifunza kushangaa. Akauliza, baba, si ungefundisha tu? Mke mwema, lakini siasa haijui.

Alhamisi, 9 Mei
Mshauri nyuma, mkuu kando yake, Bi Karatasi naye kaja na kiti chake. Nikaandika swali. Wakili akasimama: mbili ya tano. Nikashangaa vizuri sana. Nikafungua kinywa nimsahihishe.
Hakukaa! Akasema ana ushahidi. Jana asubuhi alipiga mipira miwili golini, mmoja ukaingia: nusu. Jioni akapiga mitatu, ukaingia mmoja: theluthi. Jumla mipira mitano, mabao mawili. Nani anabisha?
Hakuna aliyebisha. Mimi nikiwa wa kwanza kutobisha. Darasa zima likahamia mbili ya tano. Nikasema swali zuri, nikafuta ubao. Nikaufuta tena ukiwa mtupu.
Ndipo Bi Karatasi akanyoosha mkono, kama mwanafunzi! Akauliza kwa sauti ya kubembeleza: nusu mkate ninayo tayari, nikiongezewa theluthi ya mkate huohuo nabaki na mbili ya tano. Mbona nimeongezewa nikapungukiwa? Kelele! Watoto wakararua karatasi, wakapima, wakagombana. Wakagundua wenyewe kwamba mipira ilikuwa mafungu mawili, mkate ni mmoja. Wakafika tano ya sita bila mimi.
Mshauri akafurahi mno. Akamuuliza Wakili kosa lile alilitoa wapi. Mtoto akasema: mwalimu alinituma nikosee, nikaona aibu kukosea bila sababu.
Mkuu akatazama dari.

Ijumaa, 10 Mei
Kiti kimekwenda kwa Bi Karatasi. Mshauri kanivuta pembeni, akasema nisifadhaike: kosa la kupanga si baya, mradi mwalimu ajiandae kwa sababu za mtoto atakayelitetea. Nikamjibu kwa hoja saba. Akazisikiliza zote, jeuri yule! Bi Karatasi naye kaniomba tuwe tunaandaa vipindi pamoja. Akaongeza, kaka, darasa lako linafikiri, mimi langu linakunja tu. Dhihaka, bila shaka. Nimekubali ili nimchunguze.

Jumatatu, 13 Mei
Kesho mimi na yeye tunawaonyesha walimu wote kipindi cha pamoja. Kiti bado kinaweza kurudi! Safari hii sibahatishi. Kila mwalimu nimempa swali la kuniuliza, na jibu lake ninalo. Wakili atasimama mwishoni aseme ameelewa kwa sababu yangu. Nimemwonya asitafute ushahidi.
Akauliza, kwani haupo?