Waimbaji Wangu Waliogeuzwa Mashine za Sabuni

Kigango cha Malangali,
Sumbawanga.
14 Juni, 1982

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kufufua Viwanda vya Mkoa.

YAH: KUREJESHEWA WAIMBAJI WANAOTUMIKA KAMA MASHINE

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baridi ya mwezi huu haijakushika kifua kama ilivyotushika sisi. Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi, na ni mwalimu wa kwaya ya kigango chetu. Sipingi juhudi za Kamati. Kiwanda cha sabuni kilipokufa hapa Malangali, sote tulirudia kufua kwa majivu, tukajua kweli uchumi umeanguka. Ndiyo maana meneja, Ndugu Lutengano, alipokuja nyumbani kuniomba besi watatu kwa asubuhi moja tu, sikumnyima.

"Mwalimu," aliniambia, "kesho wanakuja wageni wa Wizara kuangalia uzalishaji. Mashine haisemi. Nataka iseme tu."

Vijana wangu walijificha nyuma ya mashine wakaunguruma. Wageni wakasimama mlangoni, wakasikiliza, wakapeana mikono, wakaandika kwamba kiwanda kimefufuka. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, nami nayapanga kama ifuatavyo:

1. Besi hawakurudi. Wageni wameongezeka, maana kila mkoa unataka kuona kiwanda kisichokula dizeli. Kasimiri, besi wangu mkubwa, sasa ndiye injini. Fundi Andwele, ambaye zamani alikuwa akiipaka mashine grisi, hakupenda kukaa bure. Kila asubuhi humnywesha Kasimiri mafuta ya alizeti na kumfuta shingo kwa kitambaa. Adela, mke wa Kasimiri, amenilalamikia kwamba mumewe akirudi nyumbani huchukua muda mrefu kuzimika.

2. Kazi hiyo imeharibu ibada. Tulipomzika bibi Kristiana, niliinua mkono kuanzisha wimbo wa kumuaga. Kasimiri akawaka. Besi wengine wakamfuata, na Oswaldi wa sauti ya tatu, ambaye kiwandani ni mkanda wa mashine, akaanza kupiga makofi pata-pata-pata. Waombolezaji waliotoka Muze wakasogea pembeni kupisha lori. Flavian, mtoto wa marehemu, akaniuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, mama tunamzika au tunamsaga?" Mpaka leo nikimwona njiani nakatiza shamba la watu.

3. Mke wangu Silvana amepandishwa cheo kuwa king'ora. Sikatai maendeleo ya akina mama. Lakini mazoea yamemfuata nyumbani. Ugali ukiiva, hulia. Majirani huacha majembe shambani wakaenda kula, hata kama kwao hakujapikwa. Nilimsihi aniite kwa jina tu. Akasema, "Baba Dominika, kwenye kwaya umeniweka mstari wa nyuma miaka yote. Kule nikifungua mdomo, watu wazima wanakimbilia kazini." Nikanawa mikono, nikala.

4. Kamati yako sasa imeagiza mpango huu uenezwe. Nasikia Laela wanafufua kinu cha unga na wameshaomba sauti ya pili yote. Mkoa utajaa viwanda na hautakuwa na mtu wa kumjibu padre. Jumapili iliyopita aliimba "Bwana awe nanyi", wengine wote wakiwa zamu kiwandani, tukajibu mimi na mzee mmoja kiziwi, naye alijibu kitu kingine.

5. Sabuni. Nasita kuitaja, Ndugu Mwenyekiti, nisije nikaonekana naingiza mambo yasiyohusu kiwanda. Lakini haijatoka hata kipande.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe Kasimiri na besi wenzake, Oswaldi na mke wangu, na kiwanda kitafutiwe mashine ya chuma. Ikishindikana, basi kwaya isajiliwe kuwa kiwanda, mimi niwe meneja, na Ndugu Lutengano aje kuimba besi. Sauti anayo, nilimsikia akiwahutubia wageni. Binadamu hakuumbwa awe mashine, na hakuna ufufuaji wa uchumi utakaonifanya niseme vinginevyo.

Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, mama na watoto nyumbani, na dereva wenu, ambaye tulisukuma naye gari mvua za Machi. Adela anakusalimu. Silvana naye angekusalimu, ila yuko zamu.

Wako katika kuijenga nchi kwa sauti zilizosalia,

Polikarp,
Mwalimu wa Kwaya.

Nyongeza: Kabla sijaifikisha barua hii posta, amekuja fundi kutoka Mbeya, na mashine imewaka yenyewe. Waimbaji wote wamerudi. Sabuni inatoka, sikatai. Nimenawia leo asubuhi. Lakini, Ndugu Mwenyekiti, nimesimama dirishani nikaisikiliza. Haina besi, inapanda bila sababu, na katikati inakohoa. Watu wa Malangali wamekusanyika nje wakiulizana kiwanda chao kimepatwa na nini. Silvana analia, safari hii kwa machozi. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu, na uamuru mashine hiyo izimwe kabla wageni hawajaisikia.