Kambare Huvumilia Yote

Jumatano, 9 Aprili 2025

Kakese. Sala ya asubuhi, kisha redio. Mtaalamu alieleza kuwa bahari zinapata joto, na viumbe wa maji ya moto wanahamia bahari za wengine. Zamani baridi iliwaua wageni hao, ilikuwa bawabu. Sasa bawabu amelegea. Anayevumilia joto na baridi ndiye anayebaki, na wenyeji humpisha. Ajabu! Nimekuwa katekista hadi nikastaafu, sikuwahi kujiuliza ni samaki gani hasa waliofurahia gharika.

Nikatafakari bwawa langu. Ijumaa Kuu, baada ya Njia ya Msalaba, kigango chote kitakula samaki. Padre hajaamua watoke kwangu au kwa jirani yangu Osward, mzee wa kanisa mwenzangu. Perege wake wanene. Wangu, tangu maji yapate joto, wanahema juujuu kama wanakwaya wasioujua wimbo. Nahitaji mgeni mvumilivu.

Alhamisi, 10 Aprili

Jaribio la joto. Perege na kambare katika sufuria, moto mdogo. Nikaanza Rozari ili nisubiri kwa utulivu. Kosa! Nilisinzia katika tendo la tatu. Mke wangu Thacienne aliuliza kama jaribio linahitaji na nyanya. Tulilila.

Jumamosi, 12 Aprili

Jaribio la baridi. Libérat, mchuuzi aletaye samaki kutoka Ikola, alinipa barafu. Alisema yeye huwaweka humo wakishakufa. Akaona mimi, mzee wake, nawahi. Perege aligeuka tumbo juu. Kambare alinitazama tu, akichezesha sharubu. Nikamhamishia kwenye maji ya vuguvugu: akanitazama vilevile. Atukuzwe Muumba! Jioni nikawatia kambare wakubwa bwawani, nikalinyunyizia maji ya baraka.

Jumanne, 15 Aprili

Utulivu wa kutia shaka. Nilimwaga pumba, perege hakuna. Alitokea kambare mmoja, ameshiba, akaitazama pumba kwa dharau. Wenyeji wamempisha, kweli. Redio haikusema wanapishia tumboni mwake. Thacienne alisema, Baba Arcade, umekaribisha fisi zizini, sasa unawaulizia mbuzi. Nikamjibu kuwa kambare naye ni samaki. Nimekwisha kumwahidi Padre.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua usiku kucha. Kambare huvumilia joto, baridi, na kumbe hata kutembea! Michirizi ya matope nyasini, hadi bondeni kwa Osward. Kwangu wamebaki vyura. Nilikwenda kudai. Osward alijibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba kama niliwatia alama masikioni, nije niwatambue.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kigango kilikula kambare wa Osward. Padre alimshukuru mbele ya wote. Osward aliniwekea kichwa, akisema, Katekista, karibu, pengine mnafahamiana. Nilimeza kwa unyenyekevu.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimesamehe. Nimeungama wivu. Kosa langu nalo nimelielewa: kambare alikuwa mdogo mno. Libérat ananiambia kuwa mamba wa Katavi, mto ukikauka, hujilaza mapangoni kiangazi kizima, wakivumilia joto, baridi na njaa. Ajabu iliyoje! Nimemwuliza kama hupatikana wachanga. Thacienne amewahamisha mbuzi wetu kwa dada yake, bila maelezo.

Safari hii, mvua ikinyesha na mgeni wangu akashuka kwa Osward, sitamdai.