Tandu wa Biti Nane na Mapipa ya Kabichi

Jumatatu, 11 Novemba

Siku kubwa. Nimepata prosesa ya zamani, ubongo wa kompyuta wa enzi ya viwanda vyetu, kwa kubadilishana na saa yangu ya reli. Nyeusi, miguu arobaini, kama tandu aliyelala. Inafikiri biti nane kwa mpigo. Mimi, baada ya maisha mazima ya kukagua tiketi kwenye treni, nafikiri jambo moja kwa mpigo. Tumekamilishana.

Nimeichomeka kwenye ubao wa matundu, ule wa kuunganishia nyaya bila kuchomelea. Nikapanga taa ndogo, nikawasha. Taa zikacheza ovyo. Nikasogeza mkono. Zikabadilika. Nikauondoa. Zikabadilika tena. Inanijua!

Nikamwita mke wangu Rumyana ashuhudie. Akasogeza mwiko. Taa zikabadilika vilevile. Akasema basi inaujua na mwiko. Kisha akasema meza ya jikoni ni ya kulia, na kama kufikia Jumapili huyo tandu hajapata pa kuishi, atamtupa jalalani, na mimi nimsindikize.

Jumanne, 12 Novemba

Mpango upo. Jumapili wakazi wa jengo letu wanakutana kuamua nani apewe chumba kitupu cha chini, kando ya mapipa. Mwombaji mwingine ni Evstati wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu wa fizikia. Anataka kuweka meza za sataranji kwa faida ya wote. Kwa faida ya wote. Wenye hila huanza hivyo.

Mimi nitawapa kitu ambacho sataranji haiwezi. Hapa mjini Sevlievo kila nyumba ina pipa lake la kabichi ya chumvi, na kila nyumba inalalamika. Maji ya pipa yasipozungushwa, kabichi inaharibika. Kuyazungusha ni kushuka ngazi, kuinama na kupuliza hewa pipani kwa mpira wa maji mpaka macho yatoke. Prosesa yangu itawasha pampu na kuizima. Wao watabaki juu na glasi zao za rakia.

Pampu nimeshaipata.

Jumatano, 13 Novemba

Rumyana ameuliza kwa nini mashine ya kufulia haitoi maji. Nimemjibu kwamba kila mashine huchoka. Amefua shuka kwenye beseni. Nimekula peke yangu. Supu ilikuwa ya jana.

Alhamisi, 14 Novemba

Uchokozi. Evstati amenikuta chini nikiunganisha nyaya. Akainama, akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

“Jirani,” akasema, “hizi nyaya zako nane za data zinaning'inia. Hazijui kama ni sifuri au moja, kwa hiyo zinaokota kila kinachopita. Zifunge na rezista, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, zisome sifuri tupu. Kwa prosesa hii sifuri ni amri: usifanye kitu, songa mbele. Itahesabu yenyewe, na pampu itawaka na kupumzika kwa zamu.”

Rumyana alikuwa akichota kabichi pipani. Akasema mashine ya kutofanya kitu anayo nyumbani tangu aolewe, ila yake hata mbele haisongi.

Evstati akacheka. Akatoa rezista mfukoni mwa koti akanipa. Nimezikataa. Adui hakupi dawa ila yenye sumu.

Tena nimepata dawa yangu mwenyewe. Nikigusa waya wa tatu kwa kidole, pampu inakwenda. Nikiondoa, inasimama. Basi kidole kitakuwepo.

Jumamosi, 16 Novemba

Mazoezi. Nimesimama na kidole wayani tangu chai ya asubuhi. Maji yanazunguka vizuri sana. Kisha pua ikawasha. Nikainua mkono wa pili, pampu ikanguruma kama ng'ombe. Nikaushusha. Nimemwomba Rumyana kesho akae karibu, kazi yake iwe pua tu. Amesema kwa pua yangu hajawahi kuajiriwa na hataki kuanza uzeeni.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika nikinuka kabichi.

Walikuja wote. Mwenyekiti wetu, Bi Nedyalka, alitoka moja kwa moja kanisani na koti lake jipya. Nikahutubia. Nikaweka kidole. Pampu ikaenda, maji yakazunguka, watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya kweli. Nayasikia mpaka sasa.

Ndipo Bi Nedyalka akasema, “Vizuri sana, Metodi. Sasa toa kidole tuione ikifanya kazi yenyewe.”

Nikamwambia ina aibu mbele ya wageni.

“Sasa kama lazima mtu asimame hapa kutwa,” akasema, “si heri apulize mpira?”

Wakaanza kucheka. Nilitaka kueleza, na mimi siwezi kueleza bila mikono. Nikaiinua yote miwili. Pampu, badala ya kusimama, ikanguruma, mpira ukaruka kutoka pipani kama nyoka, na kabla Evstati hajachomoa umeme koti la kanisani lilikuwa limeloa mpaka bitana.

Kura ikapigwa hapohapo, kwa kuinua mikono. Wote wamechagua sataranji. Rumyana pia. Hata mkono wangu umehesabiwa. Nilikuwa nikifuta chumvi machoni.

Jumatatu, 18 Novemba

Evstati amebisha hodi. Amesema chumba ni kikubwa, kona ya dirishani haina kazi, nihamie na tandu wangu. “Sataranji inataka watu wawili, jirani,” akasema. “Mimi tangu mke wangu afariki nacheza na ukuta.”

Nikambeba tandu mpaka dirishani. Kabla sijageuka, akawa ameshafunga rezista zake.

Taa zikatembea kwa mpangilio, moja baada ya nyingine. Pampu ikawaka, ikapumzika, ikawaka. Majirani wakashuka kuona, wakanipa mkono. Rumyana akanigusa bega, akasema kumbe inafanya kazi, akaniletea sarma za moto, majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama na wali.

Nimekaa nayo mchana kutwa. Nimesogeza mkono. Kimya. Nimesogeza wa pili. Kimya. Nimeisalimia. Inahesabu tu. Haina haja nami hata kidogo.

Jumanne, 19 Novemba

Nimezing'oa rezista. Taa zikacheza ovyo. Nikasogeza mkono, zikabadilika. Tumepatana tena.

Nimemwambia Evstati kwamba dawa yake haikumaliza hata siku mbili, kama nilivyohofia. Alinitazama, akatazama ubao wa nyaya, akapanga kete za sataranji. Amenifunga mara tatu.

Nilipopanda nikamkuta Bi Nedyalka kwenye ngazi, anahema, mifuko katika mikono yote miwili, kwa sababu lifti imekwama tena. Nimejitolea kumfunga tandu wangu kwenye lifti, na nimemweleza nilichogundua baada ya uchunguzi mrefu: prosesa haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la maji ya chumvi. Lifti haina maji ya chumvi.