Mashine ya Upepo Katika Birika la Ubatizo

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Leo nimemwona mtu wa doctorat, shahada ya juu kabisa. Kwa macho yangu! Anaitwa Zacharie, mtoto wa hapa hapa Kimemi mjini Butembo, kwao ni nyuma ya kanisa letu. Anasoma Ulaya. Prefe, mkuu wetu wa shule, alimleta darasani na kutukataza kumwomba viatu.

Anachosomea ni mashine za upepo zinazoelea katikati ya bahari na kutoa umeme. Kampuni ya mashine hizo ndiyo inayomlipia masomo. Kwa hiyo ana wakubwa wawili: profesa anataka kujua kwa nini, kampuni inataka kujua lini. Na yeye anachunguza mnyororo. Ule unaozuia mashine isiende na maji. Miaka minne, mnyororo! Jéthro wa dawati la mbele akauliza kama huko Ulaya mutu wa mnyororo anaweza kupata bibi wa kuoa. Kicheko.

Mimi nilikuwa na swali zuri. Nililiandika kiganjani. Jasho likalifuta. Hata hivyo nikainua mkono. Zacharie akanitazama, darasa zima likageuka. Nikaomba ruhusa ya kwenda choo.

Habari kubwa: Jumapili baada ya ibada ataangalia kazi zetu uwanjani pa kanisa. Mwanafunzi mmoja ataondoka naye Jumanne kwenda Beni, kwenye mafunzo atakayowapa watu wa chuo kikuu. Mmoja tu!

Jumanne, tarehe 7

Balaa. Papa anataka nitoke section ya sayansi, niingie ya biashara. Ni maneno ya tantine Berthe, dada yake, anayeuza samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani. Tantine amesema fizikia haijawahi kukausha samaki. Nilitaka kumweleza kwamba kukausha samaki ndiyo fizikia yenyewe. Nikasema: ndiyo, tantine.

Prefe anafunga mlango wa kubadili section Jumatatu ijayo. Nililia kidogo juu ya sahani yangu ya sombe. Maman akanitetea: Zacharie akinichagua, nibaki sayansi. Papa akasema sawa, lakini hajapata kuona mutu anachaguliwa akiwa chini ya meza. (Nilikuwa chini ya meza. Kijiko kilianguka. Halafu nikaona pale ni pazuri.)

Nina mpango. Nitaunda mashine inayoelea.

Jumatano, tarehe 8

Bidon, yaani dumu, ya mawese iliyoisha: nimeikata. Nimeiosha kwa maji baridi, kwa haraka, maana hapa kwetu maji yanapanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Mabawa: bomba la plastiki. Mota: ya radio ya kaseti ya Papa, iliyokufa. (Papa anasema imelala tu.) Juu kabisa, taa ndogo nyekundu.

Ilibaki kamba. Nimechukua ya mbuzi wetu. Miaka minne kwa mnyororo! Mbuzi wetu namfunga huku nimebeba bidon kichwani.

Jioni. Poireaux za Papa, mboga zake za bustanini, zimeliwa zote. Nimesema ni mbuzi wa jirani. Wetu alikuwa amesimama nyuma yangu, jani mdomoni.

Ijumaa, tarehe 10

Ndani ya beseni mashine inalala ubavu kama mlevi. Nimeitia mfuko wa mchanga chini. Sasa inasimama, lakini mchanga unagusa sakafu. Nahitaji maji marefu. Ziwa liko mbali, na Maman hataki hata kusikia jina la barabara ile ya hatari.

Jéthro anatangaza kwamba mashine yake inawaka usiku kucha. Baba yake anauza jenereta. Nina hakika ndani yake mna jenereta.

Siwezi kula. Nikiacha fizikia nitabaki na nini? Magamba ya samaki.

Baadaye. Mungu ni mwema! Papa ni shemasi. Ufunguo wa ua wenye birika la ubatizo, nyuma ya kanisa, unaning'inia msumarini kwetu. Kesho vijana watalijaza kwa ajili ya ubatizo wa Jumapili. Maji hadi kifuani! Nimejitolea kufagia pale. Papa alifurahi, akaniongezea nyama. Nikaila nikitazama msumari.

Jumamosi, tarehe 11

IMEWAKA! Niliifunga kwa kamba ya mbuzi kwenye chuma cha ngazi, nikaiteremsha majini. Ikasimama wima. Mvua ikaja na upepo wake, mabawa yakazunguka, na taa nyekundu ikawaka katika birika la ubatizo. Niliimba. Mimi!

Kisha sauti ya Papa mlangoni: Tamar, unaimba na nani? Nikajaza bidon maji, mashine yote ikazama chini ya ngazi. Nitaitoa alfajiri. Kamba inashika. Hakuna shida.

Jumapili, tarehe 12

Sikuamka alfajiri. Nilikuwa naota bahari. Ilikuwa na ngazi.

Nilipofika, bamama wa kanisa walikuwa tayari wanamimina sufuria za maji ya moto birikani. Huruma kwa wazee. Asubuhi za Butembo zinauma. Huruma yao! Kwenye baridi mawese yanaganda ndani ya bidon, yanatulia. Kwenye moto yanayeyuka. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza.

Wabatizwa waliingia na kanzu nyeupe. Mzee wa kwanza akatoka na rangi ya machungwa mpaka shingoni. Mkutano ukasema haleluya, wakidhani ni neema. Baada yake Jéthro. Akatoka kama ndizi ya kukaangwa. Mama yake akapiga kelele.

Hapo pasta akataka kutoka, asitoke. Mguu wake ulikuwa ndani ya kamba. Akavuta. Mashemasi wawili wakavuta. Fundo halikulegea. Pasta akasema kwa upole kwamba kuna kitu kinamshika, na anaogopa kwamba si Roho.

Zacharie akaingia majini na suruali yake ya Ulaya. Akakata kamba, akainua mashine yangu, inadondosha mawese. Mabawa hakuyatazama. Taa hakuitazama. Alishika fundo, akalivuta huku na huku, akasema kwa sauti kwamba aliyelifunga hili ndiye atakayekwenda naye Beni. Ni nani?

Nikisema, naadhibiwa. Nisiposema, magamba. Nikainua mkono. Kanisa zima likageuka.

Nikaomba ruhusa ya kwenda choo.

Papa ndiye aliyejibu. Alilitazama fundo na kamba ya mbuzi, akasema polepole kwamba fundo hilo alifundishwa na baba yake, akanifundisha mimi, na kwamba sasa anajua pia nani alikula poireaux. Kisha: Kavira Tamar, simama hapo hapo.

Hukumu ya Papa: nitaenda Beni na nitabaki sayansi, ikiwa kesho kanzu zote zitarudi kanisani zikiwa safi kabla prefe hajafunga ofisi. Kama sivyo, samaki.

Jumatatu, tarehe 13

Leo kwangu hakuna shule. Nafua. Sabuni, majivu, ndimu. Vidole vinawaka.

Zacharie alipita. Amesema mambo kama haya kwenye kampuni yao yanaitwa jaribio, ila baadaye unaandika ripoti ndefu sana. Kisha akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo, lile la Jumatatu iliyopita! Nikamwuliza kama anataka chai.

Saa saba. Kanzu zimekuwa na mabaka kama ng'ombe. Prefe anafunga saa tisa.

Nimekaa chini, nimefikiri kama mtu wa sayansi. Mawese hayatoki kwenye nguo, hilo limethibitishwa. Lakini baka linaonekana kwa sababu pembeni yake hamna baka. Kanzu yote ikiwa na rangi moja, nani ataliona? Na Papa alisema safi. Hakutamka nyeupe.

Maman ameenda sokoni. Jikoni kuna bidon nyingine ya mawese, imejaa, haijafunguliwa. Nimeshateleka sufuria kubwa motoni.